Barafu Iliyomchukua Oiva

Oulu, Jumapili jioni, Machi 1985

Kaka yangu mpendwa Aarre,

Natumaini barua hii itakukuta mzima, wewe na wifi Gunvor na watoto. Naomba uniandikie mgongo wako unaendeleaje, maana katika kadi ya Krismasi ulisema wamekuhamishia kwenye sehemu ya kufunga milango ya magari na kwamba sasa huinami sana. Na binti yako Pia, je, meno yake yamenyooka? Mwambie shangazi yake anamkumbuka, hata kama hatuelewani kwa lugha. Kahawa mliyotuma ilifika salama, nayo ni nzuri kuliko ya hapa. Mama anaificha, anawapa wageni tu.

Mimi sijambo, ila nimechoka uchovu ambao usingizi hauuondoi. Utaniwia radhi kwa mwandiko huu. Ncha za vidole zimepasuka kwa baridi na kalamu inateleza. Mama hajambo kwa kadiri ya miguu yake. Mdogo wetu Oiva yu hai. Najua si kawaida kumtaja mtu hivyo katika salamu, lakini nimelitanguliza hilo ili usome kurasa hizi bila moyo kukudunda.

Mama alikupigia simu wiki ile ile, na alinieleza aliyokwambia: kwamba barafu ilikatika, kwamba upepo ulimsukuma Oiva baharini, kwamba ndege yetu ya kupiga picha ilimwona, na Mungu ashukuriwe. Yote aliyokwambia ni kweli. Lakini Mama mwenyewe hakujua yote siku ile, wala mimi sikujua. Sasa najua, na nimeona si vizuri wewe uendelee kusimulia kule kazini kisa ambacho ni nusu.

Kwanza nikueleze majira haya ya baridi yalivyo, ili uelewe. Tangu Januari hatujapumzika. Ghuba yote imeganda mpaka kwenu Uswidi, na meli za kwenda bandari ya Raahe zinakwama moja baada ya nyingine. Meli za kuvunja barafu hazijui zianzie wapi, kwa hiyo kila siku yenye mwanga wanataka picha. Wanataka kuona barafu imerundikana wapi, ufa uko wapi, maji wazi yako wapi. Tunaruka asubuhi, tunarudi mchana, nakaa gizani kusafisha filamu mpaka jioni, na mchoraji wa ramani za barafu anangoja nyuma yangu na penseli yake kama mtu anayengoja mkate tanurini.

Kazi yangu ndani ya ndege iko sakafuni. Kuna tundu chini, kamera imefungwa juu yake, nami napiga magoti kando yake na suruali tatu na viatu vya manyoya, uso ukiwa juu ya kioo cha kuchungulia. Upepo unaingia pale kama kisu. Filamu nazitia kifuani zisigande. Tunaruka kwa mistari, kama mtu anavyolima: tunakwenda kaskazini, tunageuka, tunarudi kusini kando kidogo ya mstari wa kwanza, ili kila picha ishike ukingo wa mwenzake. Siku nzima naona nyeupe. Nikifumba macho kitandani, bado naiona inapita chini yangu, na mistari yake, na mabaka yake ya kijivu.

Rubani ni yule yule Hemminki, mtu wa Kokkola, uliyekutana naye ulipokuja kwenye mazishi ya baba mdogo. Anaongea kuanzia injini inapowaka mpaka inapozimwa. Huniuliza kila mara, "Dada Hilkka, umeganda huko chini au bado uko hai?" Nikichelewa kujibu husema atanishusha Kemi waniuze kama samaki wa barafu. Nimemzoea. Bila mdomo wake sijui ningemaliza vipi Februari.

Sasa habari za nyumbani. Mwisho wa Januari nilipata siku mbili, nikaenda kwa Mama, Rautaluoto. Nilimkuta Oiva juu ya paa akisukuma theluji kwa koleo, na Mama dirishani akigonga kioo kwa fimbo kumwonyesha sehemu alizosahau. Alishuka, akawasha sauna, akaniletea maji, akakaanga samaki, akamvua Mama soksi, akamkanda miguu, akaenda kuangalia nyavu, akarudi. Wakati wote huo hakusema zaidi ya maneno kumi. Unamjua, hakuwa msemaji hata utotoni. Lakini zamani alikuwa anapiga mbinja akifanya kazi. Nilimsikiliza siku zote mbili, hakupiga.

Mezani Mama alisoma barua yako kwa sauti, ile uliyoandika kwamba banda la mashua linahitaji rangi kabla mbao hazijaoza, na kwamba ngazi ya nyuma ni hatari, na kwamba Oiva angeweza kuanzisha kibanda cha kuuzia samaki wa moshi kwa watalii, kama jamaa mmoja uliyemwona kwenu. Mama akasema, "Aarre ana macho. Yuko mbali lakini anaona." Oiva aliendelea kumenya viazi. Baadaye akauliza polepole kama huko Uswidi kuna duka linalouza siku ndefu zaidi. Mimi nilicheka. Mama hakucheka. Wala yeye hakucheka, na ndipo nilipoacha.

Sikuandiki haya kukulaumu, kaka. Na mimi nilikaa pale nikinywa kahawa kama mgeni, na siku ya pili nikapanda basi nikarudi Oulu kwenye chumba changu chenye joto.

Basi siku yenyewe ilikuwa Jumanne. Usiku upepo ulikuwa umegeuka ukaanza kuvuma kutoka mashariki, upepo wa nchi kavu, ule ambao ukivuma baba alitukataza kukanyaga barafu hata kama jua linawaka. Redio ilikuwa imeonya tangu alfajiri. Hemminki alifurahi, akasema barafu itafunguka pwani na picha zitakuwa nzuri, angalau tutaona rangi nyingine. Na kweli, tulipovuka ufuo niliona ufa umefunguka kutoka Raahe kwenda kusini, maji meusi, mapana tayari kama mto, na ng'ambo ya maji yale barafu yote ikienda zake magharibi taratibu, nzima nzima, kama meza inayosukumwa.

Katika mstari wa kwanza, mbele ya Rautaluoto, niliona kwenye kioo kitu cha njano upande wa barafu ile inayokwenda. Ilikuwa pikipiki ya theluji. Karibu nayo kulikuwa na matundu ya kutegea nyavu chini ya barafu, yamepangwa kama vifungo vya koti. Mtu sikumwona. Nilimwambia Hemminki, akalaza bawa kidogo akaangalia, naye hakuona mtu. Akasema mwenyewe bila shaka alivuka kwa miguu kabla ufa haujafunguka, akaiacha ile ilipozimika. "Wavuvi hawa wana akili kuliko pikipiki zao," akasema. Hata hivyo aliita bandarini kwa redio akawapa mahali. Mimi nilirudi kwenye kamera. Pikipiki za njano ni nyingi pwani ile, Aarre. Niliwaza kwamba Oiva anayo ya njano, na niliwaza pia kwamba Oiva si mtu wa kwenda barafuni siku ya upepo wa mashariki. Wazo la pili lilinituliza. Tuliendelea kaskazini mpaka mwisho wa mstari, tukageuka.

Tuliporudi, Hemminki ndiye aliyeona kwanza. Akaniambia, "Dada, mwenye pikipiki karudi." Niliinuka kutoka sakafuni nikaenda kwenye dirisha la pembeni. Magoti yalikuwa yamekufa ganzi. Alishusha ndege chini sana na kuzunguka. Kulikuwa na mtu amesimama kando ya pikipiki, amevaa koti jeupe refu lenye kofia, lile ambalo wazee walivaa kuwindia sili, na kofia imerudishwa nyuma. Hakupunga mkono. Alisimama tu, mikono mifukoni, akiinua uso kutufuata tunavyozunguka, kama mtu anayetazama ndege wa porini.

Hemminki akauliza mbona hapungi, mtu gani huyu, amelewa? Nikamwambia ni mdogo wangu, na koti ni la marehemu baba.

Siku ile Hemminki hakufanya mzaha tena. Aliita helikopta ya walinzi wa pwani, nao wakajibu iko kusini, itachelewa. Alizunguka pale juu mpaka mafuta yakambana. Nilimfungia Oiva chupa yangu ya chai na koti langu la akiba ndani ya mfuko, tukautupa. Ulianguka mbali kidogo naye. Nilimwona akiufuata bila haraka. Kisha ikatubidi turudi, na kumwacha pale chini namna ile ni jambo ambalo sitaki kuliandika zaidi. Helikopta ilimchukua jua likizama, tayari akiwa mbali sana na ufuo, na mguu wake mmoja ulikuwa umelowa na kuganda ndani ya kiatu. Pikipiki ilibaki. Sasa iko chini ya bahari, au iko kwenu.

Hospitali ya Oulu walikata vidole viwili vya mguu wa kushoto. Nilipompigia Mama kumwambia ni mzima, aliuliza nyavu ziko wapi. Usimhukumu kwa hilo. Alikuwa amekaa dirishani tangu asubuhi, na nadhani lile ndilo neno la kwanza lililoweza kutoka.

Majirani walikuja kumwona aliporudishwa nyumbani. Sulo wa duka la vifaa vya uvuvi alikaa kitini pa baba, akanywa kahawa yako vikombe vitatu, akasema mbele ya watu wote, "Oiva bwana, kumbe ulikuwa unakwenda kumsalimia Aarre kwa nauli ya bure." Nyumba nzima ilicheka. Oiva naye alicheka, akasema angefika Mei kama asingesumbuliwa. Wakacheka tena. Nilikuwa nimesimama karibu na jiko, nikamwona anavyolaza mkono juu ya meza baada ya kusema vile, kama mtu aliyetua mzigo.

Nilikuwa nimeomba likizo ya wiki moja, nikampeleka mwenyewe nyumbani na kumfunga kidonda. Jumapili ile Mama alikwenda kwenye maombi kwa Tyyne, jirani yetu, wakamfuata na gari. Tulibaki wawili jikoni. Mguu wake ulikuwa juu ya kigoda, nami nafungua bendeji. Nilimwuliza lililonikera tangu Jumanne ile. Nilimwuliza alikuwa wapi tulipopita mara ya kwanza.

Alitazama beseni la maji kando yangu. Akasema nisimwage maji kwenye zulia, Mama atasema. Kisha akasema alikuwa pale pale.

Kaka, nitakuandikia kama alivyoniambia, wala sitaongeza langu. Alisema redio aliisikia. Upepo aliusikia tangu usiku akiwa kitandani. Asubuhi alimpa Mama uji, akamwekea kuni karibu, akawasha pikipiki akaenda kwenye nyavu. Nilimwuliza kama alikwenda ili afe. Akafikiri kwanza, kwa uaminifu, jinsi alivyokuwa akifikiri darasani mpaka mwalimu anachoka kungoja. Akasema hapana. "Sikwenda kufa, dada. Nilikwenda tu, sikujali kama nitarudi." Alitoa samaki katika wavu wa kwanza, na alipoinua kichwa aliona ufa umefunguka kati yake na nchi kavu. Ulikuwa mwembamba. Mtoto angeuruka. Mguu wake ulilowa pale, kwa sababu alisogea mpaka ukingoni na ukingo ukakatika kidogo, naye akautoa mguu akarudi hatua moja nyuma. Akawasha sigara. Akasimama akaivuta mpaka mwisho, akitazama maji yakipanuka. Alisema yalipanuka bila kelele yoyote. Sigara ilipokwisha hakuna mtu angeweza kuruka tena, akahisi, hivi ndivyo alivyosema, kama siku ya kufunga shule.

Ndege aliisikia kabla hajaiona, na alijua ni yetu, kwa kuwa nilishamwambia tunaruka pwani ile. Alijua niko sakafuni nachungulia. Akalala kifudifudi, akavuta kofia ya koti la baba juu ya kichwa, akaingiza mikono ndani. Ndiyo maana hatukumwona mtu. Tulipita juu yake, Aarre. Alisema kivuli cha ndege kilimpitia mgongoni.

Nilikuwa nimeshika mguu wake mikononi na bendeji nusu, sikujua niufanyeje. Nikamwuliza mbona basi alisimama tuliporudi. Nilitaka aseme alimkumbuka Mama, au Mungu, au mimi. Akasema alipolala pale chini ilimjia njaa. Mfukoni alikuwa na mkate mweusi wa nafaka ya rai na siagi na kipande cha samaki, aliuandaa mwenyewe asubuhi kwa mazoea tu. Akauwaza. Akakaa, akaula wote, akafuta mikono. Na baada ya kula, akasema, aliona aibu kulala tena. "Mtu ameshiba, halafu alale chini angoje kufa. Nilijiona mpumbavu." Kwa hiyo akasimama. Kupunga mkono hakuweza, kwa sababu hakuwa na hakika kama anatuita.

Baada ya hapo hakulia, wala mimi sikulia. Nilimaliza kufunga mguu. Akaniomba nimwambie Mama, na nikuandikie wewe, kwa kuwa yeye hawezi kusema mara ya pili na hataki kuendelea kusikia Sulo akicheka juu ya jambo lile naye akicheka pamoja naye. Akasema pia, bila hasira, kwamba barua zako huwa anazisoma zote, na kwamba ngazi ya nyuma aliitengeneza tangu mwaka juzi. Hakuna aliyekuandikia hilo.

Sasa nakuja kwenye nililolifanya bila kukuuliza. Mama aliporudi kutoka maombini, alivua koti, akakaa, nikamwambia yote, hata la sigara. Nikamwambia kwamba Jumatatu namchukua Oiva, na kwamba harudi kuishi katika nyumba ile, labda kuja kama sisi tunavyokuja, kula na kuoga sauna na kuondoka. Nilikuwa tayari kwa ugomvi. Nilijua atasema nani atachota maji, nani atapasua kuni, nani atamvua soksi. Na kweli alianza hivyo. "Nani atawasha sauna?" aliuliza, akajikatiza hapo hapo. Oiva alikuwa chumbani, mlango wazi, akisikia.

Kisha Mama akasema jambo ambalo sikuwahi kulisikia, na nadhani wewe pia hukuwahi. Alisema baba alipofariki, Oiva alikuwa tayari amefunga sanduku. Alikuwa amepata nafasi katika chuo cha ufundi Kuopio, na mchumba wake Kaarina alikwishatangulia kule. Mama alimwomba angoje tu mpaka viazi vitolewe shambani, kwa sababu wewe ulikuwa Uswidi na mimi nilikuwa masomoni, na hakukuwa na mtu wa kuinama. Akakubali. "Viazi vilitoka," Mama akasema. "Nikaona hajauliza kama sasa aende. Nami sikumwambia aende."

Alisema hivyo kwa sauti ya kawaida, akiutazama mlango wa chumbani. Baadaye kidogo Oiva alitoka akichechemea na fimbo yake, akaweka kuni jikoni, akaketi karibu na Mama. Kwa mara ya kwanza Mama alimwuliza mguu unauma kiasi gani.

Hapo ndipo tulipofika. Oiva yuko kwangu. Nimempa chumba, mimi nalala sebuleni. Kila siku analala mpaka adhuhuri, anaamka, anakunywa kahawa, anatazama magari barabarani, analala tena. Daktari wa hospitali, mama mmoja mtu mzima mwenye upole, amemwandikia kwenda kuzungumza naye kila Alhamisi, na wiki iliyopita alikwenda bila kusukumwa. Hajasema anataka kufanya nini, na mimi simwulizi. Usimwandikie kuhusu Kaarina. Ameolewa zamani, ana watoto. Hemminki alikuja juzi na chupa na karata, akamwambia Oiva kwamba katika miaka yote ya kuruka hajawahi kuona mtu anayetazama ndege kwa dharau namna ile. Oiva akamwambia ndege yake ina kelele mbaya, amwone fundi. Walicheza karata mpaka nikawafukuza.

Kwa Mama, halmashauri imempa msaidizi anayekuja asubuhi, na Tyyne anapita jioni. Mimi nakwenda Jumamosi. Bado narudi sakafuni siku zote za mwanga, maana barafu haijali habari za mtu, na wakuu wanasema itakaa mpaka Mei. Sijui nitaibeba kazi hii vipi mpaka Mei. Nikipita mbele ya Rautaluoto sasa hufumba macho kidogo, kamera ikajipigia yenyewe.

Kwa hiyo nakuomba, Aarre, na hili nakuomba kama mdogo wako ambaye hajawahi kukuomba kitu kikubwa. Likizo yako ya Julai usiende nayo ziwani na akina Gunvor. Njoo nayo hapa yote. Njoo ukae na Mama katika nyumba ile, peke yako au nao, umvue soksi, umkande miguu, uchote maji. Nami nikapumzike mahali pasipokuwa na kitu cheupe. Tukishamaliza hayo ndipo tukae watu wanne mezani tuulizane nyumba iende wapi na mashua iende wapi, na safari hii Oiva aseme wa kwanza, hata kama atachukua siku nzima kulipata neno.

Na mwandikie. Usimpe ushauri wowote. Mwandikie habari zako tu, kiwanda, mvua, watoto, chochote. Nimemtazama anavyochukua barua zako. Huzifungua kwa uangalifu mwingi kuliko Mama.

Nisalimie wifi Gunvor na umwambie asiogope, si ugonjwa wa ukoo. Nibusie watoto, Pia na Stefan. Tyyne anakusalimu. Hemminki anakusalimu na kusema unadaiwa mchezo mmoja wa karata. Oiva ameamka sasa hivi, amepita nyuma yangu akaona namwandikia nani, nikamwuliza kama ana la kukuambia. Amesema nikuambie asante kwa kahawa, na kwamba ukija Julai ulete ile ya pakiti nyekundu, si ya buluu.

Ni mimi mdogo wako,
Hilkka